Kutoka Angkor hadi Tuol Sleng

Nimerejea kutoka Kambodia nikiwa na moyo mzito. Alfajiri ya kwanza nilisimama mbele ya Angkor Wat, hekalu lililojengwa katika karne ya 12 chini ya mfalme Suryavarman II kwa heshima ya Vishnu, mungu wa Kihindu, na ambalo baadaye likawa la Wabudha, nikatazama minara yake mitano ikijitokeza taratibu gizani. Siku tatu baadaye, mjini Phnom Penh, niliingia Tuol Sleng, shule ambayo utawala wa kikomunisti wa Khmer Rouge wa 1975 hadi 1979 uliigeuza kuwa gereza la mateso. Picha za wafungwa zimepangwa ukutani, na watoto wamo. Mbele ya msichana mmoja, rika la binti yangu, miguu iligoma. Nikatoka nikaketi uani.