Ubao Haujipindi kwa Ubavu

Agosti ya mwaka wangu wa pili chuoni nilirudi Msimbati na sapu moja begini, yaani mtihani wa kurudia. Somo lilikuwa jiometri tofautishi, hesabu za mistari na nyuso zilizopinda, na swali lililoniangusha naliona mpaka leo: eleza maana ya jiodesiki juu ya uso. Nilijaza ukurasa mmoja na nusu. Nikapewa alama 2 kati ya 15.

Nyumbani sikumwambia mtu. Mama alijua mwanawe kaja likizo tu, na likizo ya mtoto wa kiume kwetu ni kwenda kwa mjomba. Mjomba alikuwa akiunda mashua chini ya mkungu, hatua chache kutoka maji yanapofika siku za bamvua. Mkuku, uti wa chini wa mashua, ulikuwa umeshalala, mataruma, zile mbavu zake, yamesimama, mbao nne za chini zimeshagongwa misumari.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Msomi kaja. Haya, shika tezo."

Siku ya nne akaitwa msibani Madimba. Kabla ya kuondoka alisema jambo moja: ubao wa tano tuuache mpaka arudi. Tulibaki mimi na kijana wake wa kazi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma hesabu, niliamua mjomba akirudi aukute ubao umekaa. Nikapima upana niliotaka, sentimita 20 kutoka gubeti, ncha ya mbele, mpaka shetri, nyuma. Nikapiga mstari kwa uzi, nikakata mninga ulionyooka kama rula. Mninga mzuri, hauna hata fundo moja. Nausema hivyo kwa sababu bei yake niliijua baadaye.

Katikati ya mashua ubao ulikaa vizuri, nikaanza kupiga mluzi. Tulipofika mbele, ncha ikakataa. Ilielekea juu, ikaacha mwanya wa vidole vinne kati yake na ubao wa chini. Nikamwambia kijana tufunge kamba tuishushe. Tukavuta. Ukingo wa chini ukabenuka nje kama mdomo wa mtu aliyenuna. Tukaongeza nguvu. Ukalia *ta!*, ufa ukakimbia karibu pima nzima kufuata nyuzi za mti.

Mjomba alirudi alasiri, kanzu bado mwilini. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alipitisha kidole kwenye ule ufa, akaenda kuchukua ufito mwembamba uliokuwa umeegeshwa mkunguni.

"Shika hapo katikati. Usiubane. Acha ulale wenyewe."

Akaupitisha juu ya mataruma akiukandamiza kwa kiganja tu, kama mtu anayelaza kitambaa. Ufito ukajipinda kufuata mwili wa mashua, na ulipokaribia gubeti ukapanda juu, palepale ubao wangu ulipotaka kwenda. Akachukua mkaa, akapima kutoka ufitoni hadi ukingo wa ubao wa chini, taruma kwa taruma, akaziandika zile nafasi juu ya ufito wenyewe. Ndipo nikaelewa kwa nini mbao zake zikiwa chini mchangani zina umbo la ndizi, na zikipanda kwenye mashua zinaonekana zimenyooka.

"Ubao unajipinda kwa tumbo," alisema bila kunitazama. "Kwa ubavu haujipindi. Ukiulazimisha, unapasuka."

Nilisimama pale na ufito mkononi, masikio yanawaka. Hilo ndilo lilikuwa jibu la zile alama 15. Mstari juu ya uso una kupinda kwa namna mbili: kuna kupinda unakolazimishwa na uso wenyewe, na kuna kupinda pembeni, kushoto au kulia, ukiwa bado juu ya uso. Jiodesiki ni mstari usio na huko kwa pili hata chembe. Kwa tumbo upinde utakavyo, kwa ubavu sifuri. Ndiyo njia ya kitu kinachoteleza juu ya uso bila msuguano wala nguvu nyingine: uso unakisukuma kwa tumbo tu, hauna mkono wa kukivuta pembeni. Mhadhiri alikuwa amelisema hili kwa herufi za Kigiriki, ubao mzima wa chaki. Mimi nikanakili herufi.

Usiku sikulala vizuri, nikafungua daftari kwa kibatari. Fermat, mwanasheria wa Toulouse, alisema mwaka 1662 kwamba mwanga hufuata njia inayouchukua muda mfupi kabisa. Hamilton wa Ireland aliandika juu ya miale ya mwanga miaka ya 1820, na mwaka 1834 akachukua hesabu zilezile akazipeleka kwenye mwendo wa vitu. Kurasa hizo nilikuwa nimezipita kama mtu anayepita matangazo ya mnada. Ukipima umbali kwa muda ambao mwanga unautumia badala ya kwa mita, mwale nao ni jiodesiki. Hewa ya chini ni nzito, inauchelewesha mwanga kidogo mno, kama sehemu 3 katika 10,000, na kwa hiyo njia "iliyonyooka" ya mwanga inapinda kuelekea chini.

Alfajiri mjomba alikuwa ameshaswali, amekaa juu ya gogo akilitazama jua likichomoza baharini. Nilishindwa kujizuia.

"Mjomba, jua hilo unaloliona bado halijachomoza. Liko chini ya bahari. Hewa inaupinda mwanga karibu nusu digrii, upana wa jua zima. Litafika hapo baada ya dakika mbili hivi."

Alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo mtu aliyechelewa kuswali sasa hivi, bado ana dakika mbili?"

Sikuwa na jibu.

"Sisi tumeambiwa tutazame kwa macho," akasema, akainuka. "Wewe leo utapanda daladala uende Mtwara, ukanitafutie mninga mwingine. Hela utatoa wewe."

Nilitoa pesa ya kulipia sapu. Ule uliopasuka aliukata vipande viwili, akautengenezea kikalio cha nahodha.