Sikukuu ya Mashahidi, Namugongo

Leo Juni 3 shule zimefungwa Uganda nzima. Kwa mwalimu wa Kiswahili kutoka Tanga, sikukuu za ugenini huwa ndefu mno: nyumbani wenzako wako kazini, hata simu hawapokei. Nikaenda Namugongo, karibu na Kampala, alipochomwa moto Karoli Lwanga na wenzake, Wakristo waliofia imani yao, mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Umati ule, jamani! Wapo waliotembea kwa miguu toka Kenya na Tanzania. Katikati ya Kiganda chote kile nikasikia mama analalamika, "Yesu wangu, miguu!" kwa lafudhi ya Bukoba. Nikamwamkia shikamoo, machozi yakanilenga. Tumekula matoke kwa mchuzi wa karanga, akataka kujua kama wanafunzi wangu wana adabu. Wanayo, mama, tena sana.