Milimita nne za Surf ya mjomba

Juzi kijana mmoja kaegesha Hilux pembeni ya gereji Ngamiani, gurudumu la mbele limevuja mpaka rimu imelowa. Kabla sijainama nikaijua ile harufu. Oili ya difu, zile gia za katikati ya ekseli, ikichanganyika na grisi nyeusi ya sivi, kiungo kinachozungusha gurudumu hata likikata kona, inatoa salfa nzito inayokaa puani siku nzima. Ukiinusa, sili ya ndani ya ekseli imekufa: oili imetoka kwenye bomba la ekseli, imeingia kwenye lile tufe la chuma ambalo gurudumu linageukia, na grisi imekuwa uji. Wengi hubadilisha sili, masika yakipita inavuja tena. Sili mara nyingi haina kosa. Bomba limepinda, shafti inazunguka imeegemea upande mmoja na kuila sili mdomo.

Harufu hiyo hiyo ilikuwa kwenye ekseli tuliyoiweka Surf ya mjomba.

Surf yenyewe mnaijua, ile iliyokuwa ikishusha iliki na karafuu kutoka Amani. Ni Toyota Hilux Surf KZN130, injini ya dizeli 1KZ, na miguu ya mbele ya kujitegemea, kila gurudumu linapanda na kushuka peke yake, kama ilivyotoka kiwandani. Kwa lami ya Segera hakuna raha kama hiyo. Kwa ile njia ya kutoka Muheza kupanda Amani wakati wa mvua, gari limejaa magunia, gurudumu moja shimoni na jingine juu ya jiwe, miguu hiyo inachoka haraka: bolijointi zinalegea, buti za sivi zinachanika, tope linaingia. Mjomba akaja na neno lake.

"Mwanangu, niwekee ekseli nzima mbele, kama ya Land Cruiser mkonga."

"Itakatwa chasisi, mjomba. Ikishakatwa hairudi."

"Kateni."

Ekseli ilitoka kwenye Hilux LN106 iliyokatwa, ile Hilux ya springi za majani mbele na difu ya inchi 8. Kwanza yalihesabiwa meno ya difu. Nyuma ya Surf krauni, ile gia kubwa, ilikuwa na meno 41, na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, 10, yaani 4.10. Ile ya Hilux ilikuwa 41 kwa 9, yaani 4.56. Tofauti hiyo haivumiliki: ukiweka 4x4 mahali pakavu, mbele na nyuma zinavutana mpaka kitu kivunjike, na mara nyingi ni giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Bahati nzuri difu za aina hii hutoka nzima kwenye ekseli kwa kufungua nati za mzunguko, kwa hiyo ilitafutwa nyingine ya 41 kwa 10, ikaingia.

Kukata miguu ya zamani ni kazi ya gesi na grinda, sina mengi ya kusema, ila usiipashe chasisi yenyewe moto bila sababu; acha kipande cha milimita kadhaa ukimalizie kwa grinda. Springi zilishikwa mbele kwa mabano ya bati la milimita 6, na nyuma zikaning'inizwa kwa shakeli kwenye bomba lililopenya chasisi pande zote mbili na kuchomelewa ndani na nje. Ekseli ilisogezwa mbele milimita 25 ili tairi lisiguse kona ya nyuma ya fenda. Springi za Hilux ziliongezwa jani moja, maana 1KZ ni nzito.

Utamu wa kazi ulikuwa kwenye ekseli yenyewe.

Gari likiinuka, pinioni lazima iinuliwe itazame giaboksi ndogo, la sivyo shafti ya mbele itafanya kazi kwenye pembe kali na krosi, viungo vya miisho yake, hazitadumu. Lakini bomba la ekseli ni kitu kimoja. Ukiinua pinioni digrii moja, kingipini, pini ambazo gurudumu hugeukia, nazo zinapoteza digrii moja ya kasta, yaani ule mlalo wa kurudi nyuma unaofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Sisi tulihitaji kuinua pinioni digrii 6. Ukiacha hivyo hivyo, gari linayumba barabarani na dereva anapigana nalo mpaka Korogwe. Dawa ni kukata weldi inayoshika matufe kwenye bomba, kuyageuza, na kuyachomelea upya, pinioni ikabaki juu na kasta ikarudi mahali pake.

Kabla ya kukata, mstari ulichongwa kwa patasi juu ya bomba ukavuka mpaka kwenye tufe. Hesabu ni ndogo: mzingo wa bomba gawa kwa 360. Bomba la kipenyo cha milimita 76, digrii moja ni kama milimita 0.66. Digrii 6 ni milimita 4. Kazi yote ile, gari zima juu ya mawe, na kinachotafutwa ni milimita nne.

Mzee wa kerezo, jirani, alikuwa ametuchongea chuma cha mviringo kilichonyooka, kirefu kupita ekseli, na bushi za kukishika: zinazokaa pale beringi za difu zinapokaa, na nyingine ndani ya matufe. Chuma kikipita mwisho hadi mwisho na kuteleza kwa vidole, bomba limenyooka. Kikikwama, achana na kila kitu mpaka ujue kwa nini.

Weldi ya kiwandani iliondolewa kwa grinda taratibu, mpaka ukaonekana ule uzi mweusi mwembamba unaotenganisha bomba na tufe. Hapo unaacha. Tufe lilikuwa limeng'ang'ania. Likapashwa moto, likapigwa nyundo kubwa juu ya kipande cha shaba, halafu mzee akafunga bomba refu kwenye boliti za tufe na kulielemea kwa uzito wake wote. Hakuna aliyesema neno. Mstari wa patasi ukakatika, nusu ya tufe ikaanza kuiacha nusu ya bomba, unywele kwa unywele, na mzee akiita, "Pima, fundi." Moja na nusu. "Pima." Tatu. Alipofika nne hakutaka hata pumzi ya ziada; akaweka nukta nne za weldi zinazotazamana, akalala chini, akasukuma chuma kwa kidole kimoja. Kikapita.

Vijiti vya weldi vilikuwa 7018 vya milimita 3.2, vimekaushwa kwenye tanuri saa nzima kwa zaidi ya digrii 300. Tanga hapa, na hewa hii ya bahari, kijiti cha 7018 kilicholala wazi usiku kucha kimeshakunywa unyevu, na unyevu ule unaingiza haidrojeni kwenye weldi, unaleta ufa ambao huuoni kwa macho. Kiungo kilipashwa kwanza kufika kama digrii 150, kikachomelewa vipande vifupi, juu halafu chini, kulia halafu kushoto, kisha kikafukiwa kwenye majivu makavu kipoe polepole.

Asubuhi chuma hakikupita. Weldi ikipoa hujikunyata, na upande uliopata moto zaidi ulilivuta bomba kuelekea kwake. Mzee hakushtuka. Alitafuta mgongo wa mpindo, upande uliotokeza nje, akaupiga moto wa gesi doa dogo mpaka likawa jekundu la giza, akaliacha lipoe lenyewe bila maji. Doa likipoa hujikunyata nalo, likavuta upande wake. Akarudia pembeni kidogo. Chuma kikateleza.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Beringi za kingipini zilipangwa kwa shimu, vibati vyembamba, juu na chini, ili sivi ikae katikati ya tufe, na ugumu wa kugeuka ukapimwa kwa mizani ya springi iliyonasa mwisho wa mkono wa stelingi. Zikilegea, ndiyo asili ya ule mtikisiko wa usukani unaotisha ukivuka shimo. Boksi la stelingi la Surf husukuma kwa upana wa gari, kwa hiyo mkono mpya ulifungwa juu ya naki ya kushoto, kile kipande kinachogeuka na gurudumu, na washa zake za koni zikakazwa, zikagongwa, zikakazwa tena, kama Nm 96, na mara nyingine baada ya safari ya kwanza. Boliti hizo zikilegea hukatika. Tairi za mbele zilielekezwa ndani kidogo kwa upande wa mbele, milimita 2. Hosi za breki zikawa ndefu zaidi, zikapimwa gari likining'inia.

Surf ikapanda Amani na magunia yake. Sili hazijavuja mpaka leo.

Kuna jambo moja sijalimaliza. Habu, zile kufuli zinazounganisha magurudumu ya mbele na ekseli, zikiwa zimefungwa, gari likifika karibu kilomita 80 kwa saa shafti ya mbele inatetema. Ukifungua habu kwa mkono, mtetemo unakwisha, kwa hiyo si tairi wala stelingi. Pinioni inatazama giaboksi ndogo moja kwa moja, lakini shafti ina krosi moja kila upande, na krosi za namna hiyo zinataka pembe zilingane. Njia ni mbili: shafti yenye krosi mbili upande wa giaboksi, au pinioni ishushwe kwa kabari kwenye springi. Lakini ikishushwa inarudi karibu na mawe, na kasta inaongezeka kupita tulivyopima. Mjomba anasema huko Amani hakuna anayezidi 30, na mjini habu ziko wazi, basi iachwe. Mimi naona shafti ya krosi mbili ingefaa, nikiipata ya urefu ule.