Elifazi Aliyajuaje?

Somo: Ayubu 22:1–11 na 31:16–32

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Ukipita Mwanjelwa hapa Mbeya alfajiri, maduka hayajafunguliwa, utawaona wanaolala nje. Yupo anayekunja maboksi aliyolalia, akayafunga kamba, kisha akafagia baraza lote la duka, hata upande ambao hakulala, ili mwenye duka akifika asipate sababu ya kumfukuza. Baridi ya Mbeya ya Juni na Julai tunaijua sisi wenye blanketi mbili. Yeye amejifunika viroba.

Sasa wasikilize wapita njia. "Huyo alikuwa na magari ya mizigo ya Tunduma, ndagu zimemrudi," yaani uchawi wa kupata mali. "Alilaaniwa na mama yake." "Bangi tu hiyo." Mwulize anayesema hivyo jina la huyo mtu, halijui. Kosa lake ndilo analolijua.

Ndiyo maana wiki hii nawaomba tukae na Elifazi, rafiki yake Ayubu, ambaye mahubiri mengi humpita haraka. Alianza vizuri. Alikuja na wenzake wawili, wakaketi na Ayubu chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makuu mno. Laiti wangeishia hapo! Alipofungua kinywa katika sura ya 4 alikuwa bado mpole: kumbuka, ni nani aliyewahi kuangamia akiwa hana kosa? Kufika sura ya 22 upole umekwisha na orodha imetoka. Umechukua rehani kwa ndugu yako bila sababu. Umewavua nguo walio uchi. Umemnyima maji aliyechoka, na mwenye njaa umemnyima mkate. Wajane umewafukuza mikono mitupu.

Aliyajuaje? Hakuna shahidi hata mmoja katika kitabu kizima, na sura ya 1 imeshatuambia kwamba Ayubu alikuwa mkamilifu na mwelekevu. Elifazi alimtazama mtu aliyeketi majivuni akijikuna kwa kigae, akapiga hesabu kurudi nyuma: ameadhibiwa, basi alikosa, alikuwa tajiri, basi makosa yake ni yale ya matajiri. Ushahidi wote aliokuwa nao ni yale majivu.

Kwa nini mtu mwenye hekima yake afanye hivyo? Ayubu mwenyewe aliligusa mapema, sura ya 6 mstari wa 21: mmeona jambo la kutisha, mkaogopa. Nadhani hapo ndipo penyewe. Kama Ayubu amefika majivuni bila kosa, basi na Elifazi anaweza kufika. Lakini akipatikana na kosa, Elifazi atalala usingizi, na tena hatadaiwa kitu. Ndagu zina kazi hiyo kwetu. Ukishasema "ni ndagu", humdai Mungu maelezo wala mfuko wako haukudai chochote.

Ilhali njia za kufika barazani pale Mwanjelwa tunazijua, kwa sababu zinapita majumbani mwetu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mkopo wa kausha damu umeondoka na makochi, halafu godoro, na mwisho chumba chenyewe. Mjane ametolewa na mashemeji kabla matanga hayajaanuliwa. Na watoto je? Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, ikifuatiwa na Iringa na Mbeya. Nyuma ya tarakimu hizo kuna miaka ya kuzika wazazi vijana. Watoto waligawanywa kwa mabibi, na bibi naye hakai milele. Huyo unayemwita chokoraa pale stendi huenda alimzika bibi yake akiwa darasa la nne, akapanda gari kwa kudandia.

Wapo waliofikishwa hapo na pombe, hiyo si siri. Ila mlevi mwenye nyumba tunamwita mzee, na kadi ya mchango wa harusi tunampelekea.

Hata dola imewahi kuongea kama Elifazi. Wazee wanaikumbuka Nguvukazi ya 1983, watu walivyokamatwa mijini kwa jina la uzururaji na kupelekwa vijijini. Na sheria za uzururaji zilizoenea Afrika nyingi tumezirithi kwa wakoloni. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo haziendani na Mkataba wa Afrika, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake. Majaji wamelisema, sisi kanisani tunaye Yakobo, sura ya 2, naye alilisema kabla yao, kuhusu yule maskini mwenye mavazi mabovu anayeambiwa asimame kule. Siku hizi hatumwambii asimame kule. Anakaa, kisha benchi lote linasogea.

Turudi kwa Ayubu. Jibu lake lipo sura ya 31, na mstari wa 32 unanigusa kuliko yote: mgeni hakulala njiani, milango yangu nilimfungulia msafiri. Anayesema hivi, wakati huo, ndiye anayeketi nje! Waliokula mezani kwake hawaonekani. Ndugu zake wamekaa mbali, jamaa zake wamemsahau, hayo ameyasema sura ya 19. Watarudi sura ya 42, kila mmoja na kipande chake cha fedha na pete ya dhahabu, mambo yake yakiwa yameshanyooka.

Lakini kabla ya hao, Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili. Wachukue ng'ombe dume saba na kondoo dume saba, waende kwa Ayubu, naye atawaombea. Angalieni mpangilio wa mistari: Ayubu anarudishiwa mali anapowaombea rafiki zake. Hivyo Elifazi alipofika na mifugo yake, hakuna kilichokuwa kimerudi bado, na alipaswa kumwomba mtu yuleyule aliyemtungia dhambi.

Jumatano kwenye jumuiya tutasoma sura ya 31 yote, kwa sauti. Kila nyumba ije na blanketi moja lenye hali ya kutumika. Baada ya maombi vijana wataondoka nayo kwenda Mwanjelwa. Watakaokwenda, waanze kwa kuuliza jina.