Moyo wa Mzee Hardy na mimi mtoto wa Tanga

Mwaka 2014 nlikua nasoma Southampton, Uingereza, nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane ambae nyumba yake ni vitabu mpaka kwenye ngazi, ukienda chooni usiku unajikwaa kwenye riwaya. Siku moja akanambia chama chao cha wapenzi wa Thomas Hardy, yule Mwingereza wa zamani mwandishi wa riwaya na mashairi, kinaenda Dorset, mkoa aliozaliwa, wikiendi, mwenzao mmoja kaumwa na nafasi yake ishalipiwa, je ntaenda? Mi niliposikia kula na kulala bure nkasema twende bibi.

Kufika stesheni ya Dorchester nkagundua niko peke yangu wa chini ya miaka sitini, na peke yangu nimevaa raba nyeupe. Wenzangu wote mabuti na fimbo za kutembelea. Mwezi wa sita huo lakini mvua ilikua imepiga usiku kucha, tope kama masika ya Muheza.

Asubuhi tukaanzia Higher Bockhampton, kwenye nyumba aliyozaliwa Hardy 1840. Mi nlitegemea jumba bwana, kumbe kibanda cha udongo kimeezekwa majani, dari la chini mpaka wazungu warefu wanainama. Kuna kidirisha kidogo kina nondo, hapo babake aliekua fundi mwashi alikua anawapitishia vibarua hela yao. Nkasema moyoni hii nyumba ningeikuta hata Pangani nisingeigeuzia shingo.

Toka hapo tukakata mashamba kwa miguu mpaka kanisa la Stinsford, raba zikawa rangi ya kahawa, bibi ananicheka waziwazi. Kaburi lenyewe liko kwenye mstari na ya wazazi wake, na hapo kazikwa moyo tu. Alipofariki Januari 1928 wakubwa wakataka azikwe Westminster Abbey, kanisa la London wanapozikwa watu mashuhuri, ndugu wanataka alale kwao, basi wakagawana, majivu London, moyo kijijini. Mzee mmoja akaninong'oneza eti wenyeji wanasema moyo uliwekwa kwenye kopo la biskuti, paka akaula, na waliozika walizika paka. Nlicheka kwa nguvu pale makaburini mpaka nkaona aibu, ila na yeye alikua anacheka, nadhani hiyo stori huwa wanamtegea kila mgeni.

Kilichonishika ni mkewe Emma, kalala hapohapo. Miaka ya mwisho walikua nyumba moja lakini hawasemeshani vizuri, yeye kahamia juu darini, akafariki 1912 ndo mume akaanza kumwandikia mashairi ya mapenzi, mengi na mazuri kweli. Bibi wangu akayasoma mawili, sauti inatetemeka, alafu akafunga kitabu akasema angempa hata moja akiwa hai ingekuaje. Hakuna aliyejibu.

Jioni kwenye chai, skonzi na krimu nzito unayoikata kwa kisu, nkawaambia na sisi tunae, Shaaban Robert wa Tanga, alimlilia mkewe Amina kwa shairi ambalo sie tulilikariri shuleni. Wakakaa kimya wote, wanataka niseme. Nkasema beti mbili za mwanzo, la tatu likanipotea, nkaunga unga kwa sauti ya kujiamini, nani angejua. Wakapiga makofi. Alafu yule mzee wa paka akauliza, na kaburi lake likoje, mnalitembelea?

Nkasema ndio, tunalitembelea.

Usiku nimelala chumba kinanuka mbao na mvua, nkamtumia meseji ba'mdogo: shikamoo, hivi kaburi la Shaaban Robert liko wapi hasa? Akajibu palepale, sijui kwa nini alikua macho saa ile:

"Marahaba. Liko Machui. Si tulikua tunapita huko kila tukienda shamba, we ulikua unalala kwenye gari."