Mnyororo wa shanga: wiki ya tatu

Wiki hii nimevibomoa vishada vyote sita vya chuma nne nilivyokuwa nimejisifia.

Kwa aliyechelewa: najenga kwa shanga na waya njia ya elektroni iliyomo ndani ya kompleksi I, ile protini kubwa ya kwanza kwenye mnyororo wa upumuaji wa seli. NADH, molekuli inayobeba elektroni, huleta mbili; FMN, molekuli iliyoshikiliwa ndani ya protini, huzipokea na kuziachia moja moja, nazo hupita vishada saba vya chuma na salfa mpaka kwenye kwinoni, molekuli inayozipokea mwishoni. Nafuata umbo la bakteria Thermus thermophilus walilolichapisha Sazanov na Hinchliffe mwaka 2006. Angstromu moja (sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) kwangu ni sentimita moja. Njia nzima ni kama angstromu 95, kwa hiyo ubao wa mita moja umenitosha.

Sasa kosa. Kishada cha chuma nne na salfa nne nilikitengeneza kama dadu, pembe zote mraba, kikapendeza. Nilipoweka rula, chuma hadi chuma sentimita 3.3. Si kweli hata kidogo! Chuma hukaribiana, kama 2.7, na salfa huachana kama 3.6. Urefu wa waya, 2.3, ulikuwa sawa. Pembe ndizo zilizoniponza. Dadu lenyewe limebonyea: chuma zimeingia ndani, salfa zimetokeza nje. Jioni tatu na koleo, vidole vina malengelenge. Kishada cha saba, kiitwacho N1b (vyote vina majina ya N), chenye chuma mbili tu na kilicho bapa, nilikimaliza kabla chai haijapoa.

Kila chuma hushikwa na salfa ya sisteini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, ila kishada N5 kina histidini, asidi amino nyingine, mahali pamoja. Kilichonitesa ni N2, kishada cha mwisho njiani: sisteini zake mbili zimefuatana kwenye uzi wa protini, na waya zilikataa kabisa kufika zote. Nikadhani nimesoma vibaya. Nikarudi kusoma, ndivyo ilivyo. Nimezikunja kwa nguvu, zinavutana, nikaziacha hivyo hivyo.

Mwanangu akauliza, "Baba, mbona hazijaunganishwa?" Swali zuri. Kati ya kishada na kishada hakuna waya. Elektroni huruka ikipenya protini, mradi pengo lisizidi angstromu 14 hivi. Alichukua rula akapima mapengo yote mwenyewe, akanikamata moja la sentimita 16. Nimelisogeza.

Vimebaki vishada viwili visivyo kwenye ile njia ya saba: N1a, upande wa pili wa FMN, na N7, kilicho mbali mno na njia. Kwa N7 ubao umeniishia, nitagongomea kipande pembeni.