Nani kabadilisha wanachama wote usiku?

Mhasibu wa SACCOS moja ninayoihudumia alinipigia asubuhi na mapema. Shikamoo yangu hata haikumaliziwa. "Mwanangu, nani kaingia kwenye mfumo usiku akagusa taarifa za wanachama wote?" Nikafungua jedwali. Kweli, safu ya tarehe ya badiliko la mwisho ilisema saa nane usiku kwa kila mtu. Na saa nane usiku hakuna kinachofanya kazi ila ripoti ya salio, ambayo inasoma tu, haiandiki. Ndivyo nilivyokuwa naapa.

Mfumo unatumia Hibernate, maktaba ya Java inayosoma na kuandika kanzidata kwa niaba ya programu. Nikawasha logi yake ya org.hibernate.SQL, inayoonyesha kila amri inayotumwa. SELECT (kusoma) moja, kisha UPDATE (kuandika), UPDATE, UPDATE, moja kwa kila mwanachama. Papo hapo nikaelewa kwa nini makarani walikuwa wanalaumiana: mmoja akifungua orodha kuangalia tu, namba ya @Version, inayohesabu mabadiliko ya kila mstari, inapanda, na mwenzake akihifadhi anaambiwa taarifa imeshabadilishwa na mtu mwingine.

Kaka mmoja mzoefu akaniambia weka anotesheni ya @DynamicUpdate, kazi kwisha. Nikaweka. UPDATE zikaja idadi ileile, ila fupi. Kumbe ile inapunguza safu zinazoandikwa, haiamui kama kuandika kunahitajika. Cha kuchekesha, zile fupi zilikuwa zinataja safu ya jina waziwazi, jibu liko mezani, na mimi nikapita nalo kama sijaliona.

Halafu nikajifanya mjanja. Nikabandika @Transactional(readOnly = true), yaani "hapa ni kusoma tu", juu ya klasi nzima ya huduma. Logi ikawa kimya, nikaenda kula ugali kwa raha zangu. Kesho yake karani anabadilisha namba ya simu ya mwanachama, skrini inasema imefanikiwa, akifungua tena ni ileile ya zamani. Hakuna kosa lolote kwenye logi! Hibernate katika hali hiyo hailinganishi thamani za zamani na mpya wala haisukumi chochote kwenye kanzidata, inanyamaza tu. Iweke kwenye mbinu (method) za kusoma peke yake, usiwe kama mimi.

Kilichonitoa ni kitu cha mistari kumi hivi. Niliandika interseptor yangu, kipande cha msimbo ambacho Hibernate hukiita njiani, na ndani ya onFlushDirty, inayoitwa Hibernate ikiona kitu kimebadilika, nikachapisha thamani ya zamani na mpya kwa kila safu iliyotofautiana. Mara ya kwanza ikatoka "Asha Juma" na "Asha Juma". Nilitaka kulia. Nikaongeza mabano ya mraba kuzunguka kila thamani, nikaendesha tena:

[Asha Juma                                                   ] [Asha Juma]

Nafasi tupu! Jedwali lilirithiwa, jina ni CHAR(60), yaani urefu usiobadilika, na kanzidata yetu, PostgreSQL, hujaza nafasi hadi herufi sitini. Geta yangu, mbinu inayotoa jina, ilikuwa na trim() inayokata nafasi za pembeni, niliiweka mwenyewe miaka miwili nyuma nikijisifu kwa usafi. Kwa kuwa @Id, anotesheni ya ufunguo wa jedwali, ilikuwa juu ya geta, Hibernate ilisoma kupitia geta hizohizo, ikaona jina si lile lililopakiwa, ikaandika. Kanzidata ikajaza nafasi upya. Usiku unaofuata, hadithi ileile. Na PostgreSQL haijali kama thamani ni ileile: kila UPDATE inazaa nakala mpya ya mstari, ya zamani inabaki kusubiri vacuum, usafishaji wake.

Yule kaka anatumia MySQL, ambayo kwa kawaida hukata nafasi za mwisho inaposoma CHAR. Ndiyo maana hajawahi kuumwa na mdudu huyu.

Nikahamishia anotesheni zote kutoka kwenye geta hadi kwenye sehemu (field) zenyewe za klasi (nilisahau @Column moja, programu ikalalamika safu haipo), kisha safu ya jina nikaigeuza varchar, isiyojaza nafasi. Sasa nina jaribio linalosoma orodha nzima na kudai getEntityUpdateCount(), idadi ya UPDATE zilizofanyika, iwe sifuri.

Tarehe za kweli hazikurudi. Mkaguzi alipokuja ilibidi niandike barua kueleza kwamba yule mtu wa saa nane usiku ni mimi.